Mtumishi Aliyetazama Bahari

Somo: 1 Wafalme 18:41-46, na Matendo ya Mitume 27:27-44.



Tusomapo habari za nabii Eliya juu ya mlima wa Karmeli, macho yetu huenda upesi kwenye moto ulioshuka kutoka mbinguni, na kwa mfalme Ahabu, na kwa manabii wa Baali walioshindwa. Baada ya hayo twamwona nabii ameinama mpaka chini, uso wake u kati ya magoti, aiombea mvua nchi iliyokauka. Lakini yuko mtu mwingine pale mlimani, ambaye tumezoea kumpita. Ni mtumishi wa Eliya. Jina lake halikuandikwa, wala umri wake, wala nyumba ya baba yake. Kazi aliyopewa ilikuwa moja tu: apande juu kidogo, aitazame bahari, kisha arudi aseme alichokiona. Akapanda, akatazama, akarudi na habari ya kwamba hakuna kitu. Akaambiwa aende tena, hata mara saba. Mara ya saba aliona kiwingu kidogo kikipanda kutoka baharini, ukubwa wake kadiri ya kiganja cha mtu.

Mwezi huu twapenda kumfikiri mtumishi huyo pamoja na watu wengine ambao kazi yao yafanana na yake, yaani mabaharia wa cheo cha chini, walio katika merikebu za biashara na walio katika manowari. Hao nao hupandishwa juu waitazame bahari, na majina yao nayo ni shida kuyaona vitabuni. Mungu akitujalia, tutajifunza mambo matatu: mahali pa mtumishi, ulimi wa mtumishi, na sikio la bwana wake.

Kwanza tuseme kidogo juu ya vyeo vyenyewe, kwa ajili ya ndugu zetu wa bara ambao hawajaona bahari. Watu wa pwani wavijua vyeo vya jahazini: yuko nahodha, yuko sarahangi amsaidiaye, na chini yao mabaharia watwekao tanga na kutia nanga. Aliye mdogo kuliko wote hupika, huteka maji, na hufua ngama, yaani maji yaingiayo polepole na kukaa chini kabisa ya chombo. Kazi hiyo haina sifa, na harufu ya ngama ni mbaya. Lakini chombo kisichofuliwa ngama huzama, hata nahodha wake akiwa hodari wa nyota na dira.

Katika merikebu kubwa ngazi ni ndefu zaidi. Aingiaye kwanza huwa mtoto wa sitaha. Akizoea huwa baharia wa kawaida. Akiisha kujua kushika usukani, kufunga na kuunga kamba, na kukesha zamu yake pasipo kusimamiwa, huitwa baharia stadi. Mapatano ya kazi yaliyofanywa na mataifa huko Seattle mwaka 1946 yaliagiza kwamba mtu asipewe cheo hicho kabla ya kutimiza miaka 18, tena awe amekwisha kutumika baharini, kwa kawaida, miezi 36. Juu ya hao wako sarahangi na maafisa, na juu ya wote nahodha. Manowari nazo zina ngazi yao. Uingereza ilikuwa na cheo cha mvulana, daraja la pili na daraja la kwanza, na mvulana alipotimiza miaka 18 alihesabiwa kuwa baharia wa kawaida. Marekani tangu mwaka 1948 humwita aingiaye baharia kuruta, kisha baharia mwanafunzi, kisha ndipo aitwapo baharia.

Zamani watoto walichukuliwa wakiwa wadogo mno. Katika manowari Victory ya Uingereza, iliyopigana Trafalgar mwaka 1805, walikuwamo watoto wa miaka 12. Watoto wa namna hiyo walipewa kazi ya kuchukua baruti kutoka ghala ya chini mpaka mizingani. Siku hizi Mapatano ya Kazi za Baharini ya mwaka 2006 yakataza kumwajiri merikebuni mtu ambaye hajatimiza miaka 16, na kwa kawaida yakataza kazi ya usiku kwa aliye chini ya miaka 18. Twamshukuru Mungu kwa ajili ya sheria hiyo.

Basi sasa na tuliendee somo letu.

I. Mahali pa mtumishi

Eliya aliomba, na mtumishi alitazama. Nabii hakuinuka katika maombi yake aende kutazama mwenyewe, wala mtumishi hakuacha kutazama ili aonekane akiomba pamoja na nabii. Kila mtu alikuwa na mahali pake, na mvua ilitangazwa kwa kazi ya wote wawili. Martin Luther alilifundisha jambo hilo kwa nguvu: ya kwamba walioitwa na Mungu si mapadre na watawa peke yao, bali mjakazi afagiaye nyumba, na mkulima, na mama anyonyeshaye, wote wana wito wao kwa Mungu, wakiutimiza kwa imani kwa faida ya jirani zao. Mtume Paulo naye awaagiza Wakorintho kwamba kila mtu akae katika hali ile aliyoitwa nayo (1 Kor. 7:20).

Mfano mkubwa wa neno hilo umo katika safari ya Paulo mwenyewe kwenda Rumi. Usiku wa kumi na nne wa dhoruba mabaharia walihisi ya kuwa nchi i karibu. Wakatia bildi, wakapata pima 20. Wakaenda mbele kidogo wakatia tena, wakapata pima 15. Bildi ni kipande cha risasi kilichofungwa katika kamba ndefu. Katika merikebu za matanga za Ulaya chini ya risasi palikuwa na tundu la kutiwa shahamu, ili mchanga au tope la chini lishikamane nayo na baharia ajue yu juu ya nchi ya namna gani. Kamba nayo ilikuwa na alama za ngozi, na kitambaa cheupe, na kitambaa chekundu, kila moja kwa pima zake. Vitu hivyo ni mbalimbali kwa makusudi, ili mkono uvitambue gizani, mahali ambapo jicho halioni. Nahodha angojea nyuma penye usukani. Asiyejulikana jina asimama ubavuni mwa chombo, amelowa, kamba mkononi, atangaza hesabu. Chombo chategemea hesabu hiyo.

Usiku ule mabaharia waliogopa. Wakashusha mashua, wakijifanya kana kwamba wataka kutia nanga upande wa omo, kumbe walitaka kukimbia. Paulo akawaambia akida na askari ya kuwa hao wasipokaa merikebuni, wengine hawawezi kuokoka. Watu waliomo walikuwa 276.

Ndugu, liangalieni sana neno hilo. Malaika alikuwa amekwisha kumwambia Paulo ya kwamba hapana hata mmoja atakayepotea, na Paulo alimwamini Mungu. Lakini hakusema: Ahadi tunayo, basi mabaharia na waende zao. Ahadi ya Mungu haikuiondoa kazi ya baharia, bali iliipa kazi hiyo mahali pake. Mungu alitaka kuwaokoa watu wale kwa mikono ya wale waliojua kamba na matanga. Yeye awezaye kulisha pasipo jembe apenda kulisha kwa jembe, na awezaye kufundisha pasipo mwalimu apenda kumtuma mwalimu kijijini.

Katika vita kuu ya kwanza, tarehe 31 Mei 1916, manowari za Uingereza na za Ujerumani zilipigana katika bahari iliyo magharibi ya Denmark. Hatuandiki ili kuisifu vita, maana vita ni msiba. Twaandika kwa ajili ya wawili waliokuwa wadogo ndani yake. Katika manowari Chester ya Uingereza alikuwamo Jack Cornwell, mwenye miaka 16, cheo chake mvulana daraja la kwanza. Kazi yake ilikuwa kurekebisha shabaha ya mzinga kwa kufuata amri zilizomjia masikioni kwa simu. Wenziwe wa mzinga ule waliuawa au walijeruhiwa kumzunguka pande zote. Yeye naye alijeruhiwa vibaya, lakini alisimama mahali pake akingojea amri mpaka mapigano yalipokwisha. Akafa hospitalini tarehe 2 Juni. Serikali yake ilimpa nishani kuu ya ushujaa baada ya kufa kwake.

Katika kundi la manowari za Kijerumani zilizokutana na Chester siku ile ilikuwamo Wiesbaden. Mlingotini mwake alikuwapo mtazamaji mmoja, baharia Johann Kinau, mtoto wa mvuvi wa Finkenwerder karibu na Hamburg, ambaye Wajerumani wengi wamjua kwa vitabu vyake alivyoviandika kwa jina la Gorch Fock. Manowari yake ilizama. Kati ya watu wake mia tano na zaidi aliokoka mmoja tu, naye alikuwa mchochea moto, mtu wa kazi ya chini kabisa katika tumbo la merikebu. Maiti ya Kinau ilichukuliwa na maji mpaka Sweden, akazikwa katika kisiwa cha Stensholmen, ambako wamelazwa mabaharia wa Kijerumani na wa Kiingereza pamoja. Mtoto yule wa Chester na mtazamaji huyu wa Wiesbaden hawakujuana. Kila mmoja alikaa mahali alipowekwa. Hukumu ya vita ile i mikononi mwa Mungu. Lakini uaminifu wa wadogo hao watuuliza sisi, tuliowekwa mahali pa amani, kama tu tayari kukaa mahali petu siku ipatapo kuwa ngumu.

II. Ulimi wa mtumishi

Mtumishi wa Eliya alirudi mara sita na habari ile ile: hakuna kitu. Fikirini jinsi ilivyo vigumu kumwambia bwana wako neno hilo mara sita. Nabii yu chini aomba, nchi imekauka, ng'ombe wa mfalme wanakufa, watu wote wangojea. Mtumishi mwenye hila angaliweza kusema mara ya tatu ya kwamba ameona kitu kama wingu, apate kumpendeza bwana wake na kuipumzisha miguu yake. Au angaliketi nyuma ya jiwe, asipande tena, kisha arudi na jibu lile lile la kwanza. Hakufanya hivyo. Kila mara alipanda kweli, akatazama kweli, akasema kweli. Kwa sababu hiyo, mara ya saba aliposema ameona kiwingu, Eliya aliweza kumwamini. Tena hakukikuza. Alisema ni kidogo, kadiri ya kiganja.

Hii ndiyo kazi ya mtazamaji merikebuni. Hata sasa, wakati ambapo merikebu zina vyombo vya kuonyesha mbali gizani na katika ukungu, sheria ya mataifa ya mwaka 1972 ya kuzuia vyombo visigongane yaagiza kwamba kila chombo wakati wote kiwe na ulinzi mwema wa macho na wa masikio. Hakuna chombo cha umeme kilichomwondolea mtu wajibu wa kutazama.

Watu wengi wamesikia habari za merikebu Titanic. Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912 walikuwapo mlingotini watazamaji wawili, Frederick Fleet na Reginald Lee. Fleet alikuwa na miaka 24. Alikuwa amelelewa kwa wageni kama yatima. Mwaka 1903 aliingia baharini akiwa mtoto wa sitaha, akapanda ngazi kwa taratibu mpaka akawa baharia stadi. Usiku ule bahari ilikuwa shwari kabisa, hapana mwezi, na baridi kali. Ilipokuwa yapata saa 5 na dakika 40 za usiku, Fleet aliona kitu cheusi mbele. Akapiga kengele mara tatu, akashika simu, akawaambia maafisa ya kuwa mlima wa barafu u mbele yao sawasawa. Usukani uligeuzwa, lakini nafasi ilikuwa imekwisha. Watu wapata 1,500 walikufa. Fleet mwenyewe alipewa kushika kasia katika mojawapo ya mashua, akawavusha watu katika giza mpaka merikebu nyingine ikawaokota.

Mdogo yule aliona, akapiga kengele, akasema neno lililo kweli. Zaidi ya hapo hakuwa na uwezo. Twasema hivi kwa kuwa wako watu wadhanio kwamba uaminifu hupimwa kwa matokeo. Mtumishi wa Eliya aliona mvua. Mtazamaji wa Titanic aliona msiba. Wote wawili walitakiwa jambo moja, kusema walichokiona.

Ninyi walimu wa vijiji, neno hili ni lenu zaidi. Mwisho wa mwaka mwatakiwa kuandika hesabu: waliobatizwa wangapi, wanafunzi wa ubatizo wangapi, waliorudi nyuma wangapi. Yuko mwalimu aliyefundisha mwaka mzima katika kijiji kigumu, naye hana jina hata moja la kuandika. Moyo wamshawishi. Aona haya mbele ya wenziwe. Aogopa mchungaji atasema ni mvivu. Basi aandika majina ya watu waliofika mara moja wakaondoka, au ayarudia majina ya mwaka uliopita. Ndugu yangu, usifanye hivyo. Andika kwamba hakuna kitu, kisha panda tena. Mtumishi wa Eliya hakukemewa kwa kurudi mikono mitupu. Aliambiwa aende mara nyingine. Lakini mwalimu atangazaye wingu lisilokuwapo awafanya wote walio chini watandaze mahindi yao vibaya, na siku wingu la kweli litakapotokea hawatalisadiki neno lake.

Na wewe uliyeona kiwingu, usikidharau. Labda ni mtoto mmoja tu ajaye darasani kila siku. Labda ni mzee mmoja aliyekuwa adui wa Injili, naye sasa asimama nje ya dirisha asikilize wimbo. Kiseme kilivyo, bila kukiongeza na bila kukipunguza.

III. Sikio la bwana wake

Sasa twawageukia wachungaji, na wazee wa usharika, na wazazi. Mtumishi alipoleta habari ya kiganja cha wingu, Eliya alifanyaje? Hakumwambia: Wewe ni mtoto, wajua nini? Aliondoka mara moja katika maombi, akalitenda neno la mtumishi wake. Tena yule yule asiye na jina ndiye aliyetumwa kwenda kumwambia mfalme atandike gari lake ashuke, mvua isije ikamzuia. Mdogo wa mlimani akawa mjumbe mbele ya mfalme.

Si mabwana wote wafanyao hivyo. Katika safari ya Paulo, akida aliwasikiliza nahodha na mwenye merikebu kuliko mfungwa, na merikebu ikapotea. Katika habari za Titanic, merikebu nyingine zilikuwa zimepeleka onyo la barafu siku ile ile kwa simu ya upepo, lakini mwendo haukupunguzwa. Baraza la uchunguzi la Uingereza liliamua ya kwamba merikebu ilipotea kwa kuugonga mlima wa barafu, na sababu yake ni mwendo wa kupita kiasi. Mbele ya mabaraza ya uchunguzi ilijulikana pia ya kuwa watazamaji hawakuwa na darubini. Walikuwa wameziomba, wakaambiwa hazipo. Mtu hupandishwa juu alinde roho za watu zaidi ya elfu mbili, naye anyimwa kitu cha kumsaidia kuona!

Iko habari nyingine ya Uingereza katika karne ya 19. Wenye merikebu wengine walizipakia mizigo kupita kiasi, na nyingine zilikuwa zimechakaa, mbao zimeoza. Baharia aliyekwisha kutia sahihi mkataba, kisha akaiona merikebu akakataa kwenda, aliweza kufungwa gerezani. Waliojua ubovu wa chombo walikuwa wale wa chini, maana ndio waliofua ngama; lakini neno lao lilihesabiwa kuwa uasi. Ndipo mjumbe mmoja wa Bunge, Samuel Plimsoll, alipowatetea kwa miaka kadhaa, huku akichukiwa na wengi, hata ikatolewa sheria mwaka 1876 ya kwamba merikebu zitiwe alama ubavuni. Alama hiyo, baada ya kutengenezwa vema kwa sheria zilizofuata, yaonyesha mpaka ambao maji yasipite mzigo utiwapo. Mpaka leo merikebu zinazo, na huko Uingereza yaitwa kwa jina lake. Mtu mmoja mwenye cheo alikubali kulisikia neno la wasio na cheo, na baharia wasiohesabika wakarudi kwao.

Basi sisi nasi tujipime. Tuseme yuko kijana asaidiaye kuhesabu sadaka, naye aona kwamba fedha iliyohesabiwa Jumapili si ile iliyoandikwa kitabuni Jumatatu. Aja kwa mzee mmoja amwambia kwa adabu. Mzee amjibu nini? Kama amwambia, Mtoto hasemi habari za wakubwa, ameiziba kengele ya mtazamaji. Au yuko binti ajaye kwa mama mchungaji amwambie kwamba nyumbani kwa mtu mmoja mkubwa wa usharika mna jambo baya. Kama wote wamnyamazisha kwa ajili ya heshima ya mtu yule, wajue ya kuwa barafu haiyeyuki kwa sababu imefichwa. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Na usharika ufichao maovu yake hauzai watoto wa imani.

Hatusemi kila mdogo asemalo ni kweli. Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Mwenye kuamua ni mmoja. Lakini huyo mmoja na asikie kwanza, ndipo aamue. Tena asimpandishe mtu mlingotini pasipo darubini. Mwalimu wa kijiji apewe vitabu vyake, apewe posho yake kwa wakati wake, atembelewe. Amtumaye mtu kukesha, kisha asimwulize ameona nini, anafanya mchezo na roho za watu.

Bwana aliyeshuka cheo

Katika karne ile ile ya 19, manowari za Uingereza zilizozuia biashara ya watumwa katika Bahari ya Hindi ziliwaandika kazini watu wa Unguja na wa pwani yetu. Waingereza waliwaita Sidi. Wengine wao walikuwa wenyewe watu waliotolewa utumwani. Walifanya kazi nzito katika joto na katika mashua, nao walihesabiwa chini ya ngazi yote. Upande wa magharibi wa Afrika walikuwapo Wakru, waliofanya kazi iyo hiyo. Wengi katika watu hao, hasa Wakru, waliandikwa katika vitabu vya merikebu kwa majina ya mzaha waliyopewa na mabaharia wa Kizungu. Katika Simon's Town, Afrika ya Kusini, yako makaburi yao mpaka leo, na juu ya mawe mengine yamechorwa majina hayo ya mzaha. Mtu amekufa mbali na kwao, na juu ya kaburi lake hapana hata jina aliloitwa na mama yake.

Lakini Bwana wetu Yesu alisema ya kuwa mchungaji mwema huwaita kondoo wake kila mmoja kwa jina lake (Yohana 10:3). Yeye ajua Sidi yule aliitwaje. Ajua jina la mtumishi wa Eliya. Alijua hayo si kwa kutazama kutoka juu tu. Yeye aliyekuwa juu ya wote alijishusha akatwaa namna ya mtumwa (Flp. 2:7). Alilala katika mashua ya wavuvi, kichwa juu ya mto, upande wa tezi. Aliwaosha miguu wanafunzi wake, kazi ambayo hata watumishi waliona haya kuifanya. Mwisho alisimama mahali ambapo sisi sote tulikimbia, akakaa pale mpaka yote yalipotimizwa. Hatuokolewi kwa uaminifu wetu katika zamu zetu. Maana ni nani katika sisi asiyelala wakati wa kukesha? Twaokolewa kwa uaminifu wake. Na kwa kuwa tumeokolewa, twaweza kupanda tena bila hofu, ijapokuwa mara sita tumerudi na mikono mitupu.

Tusiwasahau na hao mabaharia wenyewe. Kanisa la Norway lilianza kuwatunza mabaharia wake bandarini kwa chama kilichoundwa Bergen mwaka 1864, na Wakristo wa Ujerumani waliunganisha kazi yao ya namna hiyo mwaka 1886. Kazi yaendelea hata leo, na haja ni ile ile. Katika mwaka 2020, nchi zilipofunga bandari kwa sababu ya maradhi ya korona, mabaharia wapata 400,000 walizuiliwa merikebuni baada ya mikataba yao kwisha, wengine zaidi ya mwaka mzima hawajakanyaga nchi kavu. Vitu vyetu vya dukani, mafuta ya taa, ngano, dawa za hospitali, vyafika kwetu kwa mikono yao. Ninyi mlio karibu na Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Mtwara, mkimwona kijana mgeni wa merikebuni mlangoni pa kanisa, mwulizeni jina lake, mpeni mahali pa kuketi. Na ninyi wa bara, watajeni katika maombi ya Jumapili.

Na tuombe: Bwana Mungu, uliyeziwekea bahari mpaka, walinde wote walio majini usiku huu, zaidi sana walio wadogo, na walio mbali na mama zao. Sisi nasi utupe kukaa mahali ulipotuweka, tutazame kwa macho yaliyo wazi, tuseme lililo kweli, na tuwasikie wale uliowatuma kwetu, hata wakiwa wadogo. Kwa ajili ya Yesu Kristo, aliyefanyika mtumishi wa wote. Amina.